Kuingia Hyrule ukiwa umechelewa: ushauri wa mwalimu wa Jiografia

Nilishika padi ya gemu kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 41, sebuleni kwangu Ipagala, Dodoma, siku ya Jumapili ambayo nilipaswa kusahihisha mitihani ya kidato cha pili. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma UDOM, alikuwa amekwenda mafunzo kwa vitendo mkoa mwingine na kuniachia mashine yake ya Nintendo Switch. Aliniambia, "Shangazi, itunze tu hii, uwe unaichaji mara moja moja." Nikaichaji, na baada ya kuichaji nikaiwasha. Tangu siku ile nimekuwa mgeni wa kudumu wa Hyrule, nchi ya kubuni katika mfululizo wa michezo ya video uitwao The Legend of Zelda, ambao ulianza nchini Japani mwaka 1986, wakati mimi nikiwa na miaka minne na sijaanza hata kuvaa viatu.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mzima anayetamani kuanza mfululizo wa aina hii lakini anaona amechelewa mno. Kuchelewa kwenyewe hakuna madhara. Kinachoumiza ni kuchukulia miaka uliyokosa kama deni, kisha ukaanza kulilipa kuanzia senti ya kwanza.

Ndivyo nilivyofanya. Mwalimu hawezi kuanza na mada ya saba kabla ya mada ya kwanza, kwa hiyo nilipogundua kwamba uanachama aliolipia mpwa wangu unaruhusu kucheza michezo ya zamani, nilikwenda moja kwa moja kwenye ule wa 1986. Mchezo huo unakutua katikati ya uwanja wenye miamba, bila neno la maelekezo. Juu, upande wa kushoto, kuna mlango mweusi wa pango. Sikuuona kuwa ni mlango, niliudhania kivuli. Nikaelekea kulia nikiwa na ngao peke yake, nikakutana na wadudu wekundu wanaotema mawe, nikafa. Nikarudi, nikafa tena. Nilicheza hivyo jioni tatu mfululizo, nikaamini kwamba vidole vyangu ndivyo vyenye kasoro. Nilipompigia simu mpwa wangu kumlalamikia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Shangazi, kwani hukuingia pangoni?" Ndani ya pango lile kuna mzee anayekupa upanga bure.

Baadaye nilielewa kwamba aliyenunua mchezo ule zama zile alipata ndani ya boksi kijitabu chenye maelezo na sehemu ya ramani, na mtoto aliyekwama aliwauliza wenzake shuleni. Mimi nilikuwa na skrini tupu na rundo la mitihani. Tulicheza mchezo mmoja, lakini hatukuanzia mahali pamoja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: pima muda ulio nao, kisha uchague mchezo unaolingana nao, bila kujali mwaka uliotoka. Kama una dakika ishirini kila usiku baada ya watoto kulala, chukua Link's Awakening, uliotoka mwaka 1993 kwa ajili ya Game Boy, mashine ya zamani ya mkononi, na kutengenezwa upya mwaka 2019 kwa ajili ya Switch. Ni kisiwa kimoja kidogo ambacho kinakaa kichwani chote, hata ukiwa umekiacha siku nne kwa sababu ya msiba au vikao vya shule. Kama una Jumamosi nzima usiyodaiwa na mtu, Breath of the Wild wa mwaka 2017 utakufaa zaidi. Ukishamaliza uwanda wa mwanzo, mchezo huo unakuruhusu kwenda popote, hata kumkabili adui wa mwisho siku hiyohiyo ukitaka kujiaibisha. Mimi nilijiaibisha.

Huna haja ya kuogopa kwamba utapotea katika hadithi. Michezo mingi ya mfululizo huu inaanza na Link mwingine (ndiye shujaa unayemwongoza), binti mfalme Zelda mwingine, na nchi ya Hyrule ya zama nyingine, kama ngano inayosimuliwa na bibi tofauti kila mara. Mwaka 2011 Nintendo walitoa mpangilio rasmi wa matukio, unaogawanyika katika njia tatu. Nimeusoma, na ninakushauri usiufungue hadi uwe umemaliza angalau michezo minne, kwa sababu utakuchosha kabla ya kukufaa. Yapo mambo mawili tu ya kuzingatia. Tears of the Kingdom wa mwaka 2023 unaendeleza moja kwa moja Breath of the Wild, na Majora's Mask wa mwaka 2000 unamfuata Link yuleyule wa Ocarina of Time wa mwaka 1998. Hiyo icheze kwa kufuatana. Na ili usichekwe kama nilivyochekwa mimi, fahamu kwamba kijana mwenye kofia ya kijani ni Link, siyo Zelda. Anayetaka kumwongoza Zelda mwenyewe aanze na Echoes of Wisdom wa mwaka 2024. Binti yangu alipoona hilo alininyang'anya mashine kwa wiki mbili.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua zaidi, ambalo ni kuangalia majibu. Katika Ocarina of Time kuna hekalu la maji linalojulikana kwa kuwatesa watu. Unapandisha na kushusha kina cha maji kati ya viwango vitatu, na kila ukitaka kuzama au kuelea unafungua menyu, unavaa buti za chuma, unafunga menyu; kisha unafungua tena kuzivua. Nilikwama humo kwa sababu ya ufunguo mmoja. Nilizunguka kila chumba, nikachora mchoro, nikaapa kwamba mchezo una hitilafu. Hatimaye nilifungua video kwenye simu na kuona kwamba ndani ya mnara wa katikati, maji yakipanda hadi kiwango cha pili, bonge la sakafu huelea na kuacha tundu chini yake. Nilikuwa nimepita juu ya bonge lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kuangalia mara moja hakukuniharibia kitu. Tatizo lilikuja kesho yake, nilipokwama kwa dakika tano tu na mkono ukaenda wenyewe kwenye simu. Nilimaliza hekalu lile nikiwa kama mwanafunzi anayenakili kazi ya jirani: majibu yote sahihi, na kichwani hamna kitu. Tangu hapo nimejiwekea sharti la kukaa na fumbo jioni tatu kabla ya kuomba msaada, na msaada wenyewe naomba kwa mtu, siyo kwa video. Mtu aliyecheza anajua kukupa nusu ya jibu. Mpwa wangu siku hizi hunijibu kwa swali, na ninakiri kwamba mbinu hiyo aliipata kwangu.

Kuhusu vidole vizito, usione haya kutumia misaada iliyopo. Michezo mingi ya zamani katika uanachama ule inakuruhusu kuhifadhi mchezo mahali popote na kurudisha nyuma sekunde chache ukikosea. Wapo vijana wanaosema huko ni kudanganya. Vijana hao hawana magoti yanayouma wala kipindi cha kwanza saa moja na nusu asubuhi. Ukisafiri kwenda kijijini, kumbuka tu kuunganisha mashine na intaneti kabla ya kuondoka, maana michezo hiyo ya uanachama hutaka kuhakikiwa mtandaoni kila baada ya siku 7. Na ukicheza kwenye treni ya umeme kwenda Dar es Salaam, vaa spika za masikioni. Abiria wa jirani hahitaji kusikia unavyopigwa.

Nilirudi kwenye mchezo wa 1986 mwaka jana, baada ya kumaliza mingine mitano, na safari hii nilikwenda na kaunta buku. Dunia ya mchezo ule ni miraba 16 kwa upana na 8 kwa urefu, jumla skrini 128, na mchezo haukuchorei undani wake. Nikapiga mistari kwa rula, nikaanza kujaza: mto, daraja, makaburi, mwamba unaotoboka kwa bomu, kichaka kinachoungua na kufichua ngazi. Shigeru Miyamoto, aliyeubuni pamoja na Takashi Tezuka, amewahi kueleza kwamba utotoni alizurura kwenye vilima na mapango ya Sonobe, karibu na Kyoto, na kwamba kumbukumbu hizo ndizo alizozitia humo. Mimi nilichunga mbuzi kwenye milima ya Mpwapwa, na nilizijua njia zake vivyo hivyo: kwa kupotea, kwa kuchomwa na miiba, na kwa kumwambia kaka yangu jioni kwamba nyuma ya jiwe lile kuna maji. Nilipokuwa naujaza mraba wa makaburi kwa kalamu ya risasi, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ule ni mchezo wa zamani.

Bado nina miraba 11 mitupu, mingi iko milimani upande wa kaskazini. Mpwa wangu anakuja Jumamosi, na nimemwonya asiniambie kitu.