Kwa lekchara mgeni: kuandika si kazi ya wale wa stadi za mawasiliano peke yao

Wenzangu mnaoanza kufundisha muhula huu hapa Mombasa, karibuni sana. Mkikaa kwenye ofisi ya walimu haitachukua muda mtamsikia mtu alalamika ati wanafunzi wa siku hizi hawajui kuandika, na mwengine amjibu hiyo ni kazi ya walimu wa stadi za mawasiliano, lile somo la kuandika na kuzungumza, kwani si walisomeshwa mwaka wa kwanza? Naomba msiingie kwenye mazungumzo hayo. Somo moja la muhula mmoja, darasa limejaa mpaka watu wamesimama mlangoni, haliwezi kumfundisha mtu wa sivil, yaani uhandisi wa ujenzi, kuandika ripoti ya maabara na mtu wa biashara kuandika memo na mtu wa historia kujenga hoja. Mwalimu wa mawasiliano hata awe hodari vipi hajui konkriti, wewe ndio waijua, na jinsi watu wa fani yako wanavyoandika wewe ndio uliyeizoea miaka yote.

Tena tukae hapo kwa konkriti. Wanafunzi wametengeneza kyubu zao za konkriti, kila upande milimita 150, wameziloweka, zingine zimepondwa kupima nguvu siku ya 7 na zingine siku ya 28, jedwali limejaa namba safi kabisa, halafu chini kwenye majadiliano mtu kaandika mstari mmoja: matokeo yalikuwa mazuri. Lekchara wengi hapo watazungushia speling mbili tatu na kalamu nyekundu wapite. Sasa wewe muulize, mazuri kulingana na nini? Mlikusudia nguvu kiasi gani? Simenti ya kawaida siku ya 7 huwa imefika kama thuluthi mbili hivi ya nguvu ya siku ya 28, yenu ilifika? Kama haikufika ni maji yalizidi, ama kyubu hazikushindiliwa sawasawa, ama hazikulowekwa vile inavyotakiwa? Na kwa vile tuko pwani ongeza na la mchanga, ulitoka wapi, manake mchanga wa baharini una kloridi, ile ya chumvi, na hiyo ndio inayofanya nondo zishike kutu ndani ya nguzo. Mpe arudi nayo. Akirudi utaona ameandika aya nzima, na kile Kiingereza ulichokuwa ukikilalamikia nacho kimenyooka kiasi, kwa sababu mara hii ana jambo la kusema.

Nenda upande wa historia uone mambo yalivyo tofauti. Huko mwanafunzi akikupangia tarehe tu, Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus 1593, ikazingirwa 1696, Waomani wakaichukua 1698, hajaandika kitu bado. Mwalimu wa historia ataka kujua mbona ngome ilianguka, maradhi ndani ya kuta yalichangia kiasi gani, na hizo habari tumezipata kwa nani, kwa Mreno aliyekuwa na sababu zake za kuandika ama kwa mtu wa upande mwengine. Kwa memo ya biashara ni vyengine tena, meneja ataka uamuzi mstari wa kwanza, sababu zifuate. Mwanafunzi anayechukua masomo matano muhula mmoja anahama kwa hizi desturi zote wiki moja bila mtu kumwambia kwamba zimebadilika, ndio maana nasema umwambie waziwazi, kwenye somo lako, siku ya kwanza ya asainmenti.

Hili wazo, kwamba kila mwalimu afundishe uandishi ndani ya somo lake, lina miaka yake. Marekani lilishika nguvu miaka ya 1970, mmoja wa walioanza mapema ni Barbara Walvoord kule Iowa aliyewakusanya walimu wa masomo tofauti wakae wazungumzie uandishi wa wanafunzi wao. Uingereza, James Britton na wenzake walitoa utafiti wao 1975 na wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachoandikwa shuleni huandikiwa mwalimu kama mtahini. Hilo latuhusu sana. Kwetu huku kila kitu ni CAT, yaani jaribio la katikati ya muhula, ama mtihani, mtoto hajawahi kuandika kitu chuoni ambacho hakipewi maksi, sasa atajaribu wazo lipi jipya huku akiogopa?

Kwa hivyo wape kuandika kudogo kusiko na maksi. Dakika tano za mwisho za kipindi, karatasi nusu, swali moja: leo ni wapi umepotea? Darasa kubwa najua, huwezi kusoma zote na hakuna aliyekwambia usome zote, chota rundo dogo usome ukisubiri matatu, utajua wiki ijayo uanzie wapi. Na wakitaka kuandika hayo kwa Kiswahili waache. Hata kwenye vikundi waache wabishane kwa Kiswahili, kwa Kigiriama, kwa lolote, mpaka wazo likae sawa, ndio waliandike kwa Kiingereza cha ripoti.

Kusahihisha nako usijiue. Ukijaza wekundu ukurasa mzima mwanafunzi aangalia maksi tu akunja karatasi. Chagua mambo mawili, la kwanza liwe la hoja, na makosa ya lugha weka alama ndogo pembeni mwa mstari bila kumsahihishia, atafute mwenyewe. Mengi huyaona. Na usisubiri kazi ikamilike ndio useme neno, omba mpango kwanza, kisha rasimu, na hasa kwa projekti ya mwaka wa mwisho, manake supavaiza anayeona kazi mara ya kwanza wiki ya kukabidhi hana tena la kumsaidia mtu.

Kuhusu ChatGPT, hiyo programu inayomwandikia mtu majibu, mtaulizwa sana. Ukiuliza swali la kuelezea kitu ambacho kiko kila mahali, utaletewa jibu ambalo liko kila mahali. Uliza kuhusu namba zao wenyewe za maabara, maji waliyochota wao Tudor Creek, duka wanalolijua Kongowea, halafu mwite mtu akueleze kwa mdomo aya moja aliyoiandika. Dakika mbili zatosha.

Na kuanzia muhula huu weka faili. Kila ukipata kazi nzuri muombe mwenyewe ruhusa, futa jina, uihifadhi pamoja na rasimu yake ya kwanza. Darasa litakalofuata wape zote mbili, wakae wawili wawili, wakuambie nini kilibadilika.