Mume anayeloweka vyombo

Dada yangu wa Mbagala, umeuliza umfanyeje mumeo ambaye kila akiombwa aoshe vyombo anajibu "nimeloweka", na sufuria ya ugali imekaa kwenye beseni tangu Jumapili hadi Jumanne. Pole, shoga. Wangu naye ni bingwa wa kuloweka. Ukoko wa ugali unataka maji ya kawaida kwa muda mfupi tu, ukishalainika unabanduka wenyewe. Siku mbili, kwa joto hili la Dar, ni uchachu na inzi.

Mimi niliacha kugombana. Sufuria ikilowekwa, sipiki. Siku ya kwanza akaleta chipsi mayai, ya pili chipsi mayai. Ya tatu, saa nne usiku, nikasikia stilwaya inakwaruza jikoni, baba anahema kama anachimba kisima. Halafu akaniita nikaone.

Wako akikuita, nenda, umsifie, ila usizidishe: mimi nilizidisha, akampigia mama yake simu. Na masizi yakibaki mgongoni mwa sufuria, usiirudie mbele yake. Subiri aende kuangalia mpira.