Je, nyumba isiyo na bendera haina mzalendo?

SWALI: Mhariri, jirani yangu ametundika bendera ya taifa mbele ya nyumba yake mwaka mzima. Hivi karibuni alisema mbele ya watu kwamba nyumba isiyo na bendera haina mzalendo ndani yake. Mimi sina bendera, ingawa nalipa kodi, napiga kura na sijawahi kula mali ya umma. Sasa hata watoto wangu wameanza kuniuliza kwa nini sisi hatuna. Je, bendera ni ushahidi wa uzalendo? Na je, niitundike?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze kwa kumtendea haki jirani yako. Bendera si kitambaa tu. Jeneza la askari hufunikwa kwayo, taifa zima huomboleza inapopepea nusu mlingoti, na mwanariadha aliyeshinda ugenini hulia anapoiona ikipandishwa. Anayeitundika kwa moyo safi anatangaza kwamba yeye ni wa nchi hii na anataka ajulikane hivyo. Huo ni upendo halali, wala hapaswi kudhihakiwa kwa ajili yake.

Kosa lake liko katika hatua ya pili, pale anapoichukua ishara yake mwenyewe na kuifanya kipimo cha wengine. Bendera hueleza kile ambacho mtu anapenda kujinasibisha nacho. Haielezi anachofanya akiwa ofisini, sokoni au mbele ya sanduku la kura. Mla rushwa anaweza kuinunua kwa bei ileile anayoinunua mwadilifu, na kwa sababu hiyo peke yake haiwezi kutusaidia kuwatofautisha watu hao wawili.

Chukua mfano wa Ujerumani. Kwa miongo mingi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani wengi walisita kupeperusha bendera ya nchi yao, kwa kuwa waliona jinsi utawala wa Wanazi ulivyotumia bendera na gwaride kuwabeba watu hadi kwenye maangamizi. Hali hiyo ilibadilika waziwazi mwaka 2006, nchi hiyo ilipoandaa Kombe la Dunia na bendera zikajaa barabarani, kwenye madirisha na kwenye magari. Je, tuseme kwamba uzalendo ulizaliwa mwaka huo? Waliojenga upya miji iliyokuwa vifusi, na waliokubali kuwafundisha watoto wao ukweli mchungu wa historia yao, walikuwa wameifanyia nchi yao kazi kubwa bila kutundika chochote.

Lipo pia suala la shuruti, kwa sababu kauli ya jirani yako, ikikubaliwa na wengi, hugeuka kuwa shinikizo. Nchini Marekani, katika jimbo la West Virginia, watoto wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule kwa kukataa kuisalimu bendera, jambo ambalo imani yao haikuliruhusu. Tarehe 14 Juni 1943, nchi hiyo ikiwa katikati ya vita, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumlazimisha mwanafunzi kutoa salamu hiyo. Nauona uamuzi huo kuwa wa kizalendo kuliko salamu zote zilizokuwa zikidaiwa, kwa kuwa saluti inayotolewa kwa hofu ya adhabu haituelezi lolote kuhusu moyo wa anayeitoa. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2004 kwamba raia ana haki ya kupeperusha bendera ya taifa kwa heshima, kama sehemu ya uhuru wake wa kujieleza. Maamuzi hayo mawili hayapingani: yote mawili yanaiacha bendera mikononi mwa hiari ya raia.

Kama unatafuta ushahidi wa uzalendo, utafute mahali ambapo kuipenda nchi kunamgharimu mtu kitu: kodi iliyolipwa kikamilifu ilhali kuikwepa kulikuwa rahisi, zabuni iliyotolewa kwa anayestahili badala ya shemeji, au ukweli uliosemwa kuhusu dhuluma inayotendwa kwa jina la taifa, hata pale msemaji anapoitwa msaliti. Uliyoyataja katika barua yako yamo katika orodha hiyo.

Kuhusu watoto, waeleze rangi za bendera zinawakilisha nini na ni akina nani waliopigania haki ya kuipandisha, kisha uwaonyeshe jinsi unavyowajibika kwa nchi hiyohiyo. Ukipenda baada ya hapo kuitundika, soma kwanza sheria ya bendera, kwa kuwa nchi nyingi zina masharti kuhusu matumizi yake, kisha uitundike kwa heshima na uibadilishe inapochakaa. Lakini usiinunue kwa ajili ya kumnyamazisha jirani. Yeye huna haja ya kumthibitishia lolote.