Mbegu 20 za alizeti: zinatosha kukadiria uotaji?
Ndugu wa Kongwa, umeuliza kama mbegu 20 ulizojaribu, zikaota 11, zinatosha kukadiria uotaji. Zinatosha kuanzia, ila hizo 11 zisikutishe peke yake. Kama uzoefu wako ni mbegu 8 kuota kwa kila 10, andika Beta(8,2): Beta ni mgawanyo wa takwimu unaoonyesha makadirio ya kiwango cha uotaji, namba ya kwanza ikiwa zilizoota, ya pili zilizogoma. Jumlisha zilizoota 11 upande wa kwanza, zilizogoma 9 upande wa pili: Beta(19,11). Wastani 19/30, yaani 63%. Kwenye R (programu ya takwimu), qbeta(c(0.025,0.975),19,11) inakupa takriban 46% hadi 79%, yaani kiwango halisi kina uwezekano wa 95% kuwa humo. Pana, eeh, ndiyo hali halisi.

Wengi huteleza hapa: wanaandika Beta(80,20) wakidhani ni kitu kilekile. Wastani ni uleule, lakini uzito ni wa mbegu 100. Jibu linaruka hadi 76% na mbegu zako 20 zinamezwa. Huna uhakika na uzoefu wako? Anza na Beta(4,1): wastani uleule, uzito wa mbegu 5 tu.