Nimepata jeni 131 za WRKY kwenye muhogo, mbona makala yanasema 85?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili, nachunguza michirizi ya kahawia ya muhogo, ugonjwa wa virusi, na mashamba yangu yako Misungwi, mkoani Mwanza. Nimepekua jenomu nzima (DNA yote ya mmea) nikapata jeni 131 za WRKY, familia ya jeni zinazowasha na kuzima jeni nyingine, ilhali makala ya mwaka 2016 yanataja 85. Nimekosea wapi? Na nitajuaje ipi inahusika na ugonjwa?

JIBU: Marahaba. Nadhani umehesabu nakala badala ya jeni. Tazama majina ya jeni yanayoanza na Manes: yanayofanana mpaka nukta ya mwisho, kisha moja likaishia 1 na jingine 2, ni matoleo ya RNA ya jeni ileile. Bakiza toleo moja tu kwa kila jeni, uhesabu upya. Idadi hubadilika pia kwa kuwa jenomu ya muhogo imeshasahihishwa mara kadhaa, kwa hiyo usiilazimishe ifike 85. Andika tu umetumia toleo lipi la jenomu.

Zitakazobaki zipitie kwa macho, moja moja. Tafuta kwenye protini herufi WRKYGQK (kila herufi ni amino asidi moja), na baada yake zile amino asidi zinazoshika zinki. Zenye WRKYGKK usizitupe, nazo ni za familia. Protini yenye sehemu mbili za WRKY ni jeni moja ya kundi la kwanza. (Jeni ya kwanza ya familia hii ilielezwa mwaka 1994 kutoka kwenye kiazi kitamu, zao letu kabisa huku Kanda ya Ziwa. Nafurahi kila nikilikumbuka hilo.)

Swali lako la pili ndilo zito. Mchoro wa ukoo wa jeni hauwezi kukuambia jeni inafanya kazi gani shambani. Linganisha jeni zinavyofanya kazi kwenye mimea ya aina moja, umri mmoja, yenye virusi na isiyo navyo, na uthibitishe kwa RT-PCR, kipimo cha maabara kinachoonyesha kama virusi vimo. Usiamini majani peke yake, maana mmea unaweza kuonekana mzima kumbe mizizi imeshaoza ndani.

Tena uwe mwangalifu sana unapochuma. Jeni nyingi za WRKY huamka upesi jani likijeruhiwa. Ukilichuma Misungwi, ukalitia kwenye mfuko na kupanda nalo bodaboda mpaka maabara mjini, utakuwa umepima jeraha na joto, siyo ugonjwa. Ligandishe palepale kwa naitrojeni ya kimiminika, au litumbukize kwenye dawa ya kuhifadhi RNA. Chuma yote saa ileile ya siku, jani la nafasi ileile.

Jambo la mwisho ni praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoshika jeni unayotaka kuipima. Zamani jenomu ya muhogo ilijirudufu, ndiyo maana jeni nyingi zina pacha. Praima ukiziweka kwenye sehemu ya WRKY zitashika mapacha wote wawili. Ziweke mwishoni mwa jeni, wanapotofautiana. Kabla hujaagiza, nitumie mfuatano wa praima zako tuutazame pamoja.