Kabla hujasema "ni kweli" kwenye mahakama ya nchi ya watu

Nina miaka 14 kwenye kazi ya kusimamia safari za malori hapa Dar. Kwa asiyeijua, kazi hii ni simu. Simu ya foleni Tunduma, simu ya tairi, simu ya utingo aliyetoroka na hela ya posho. Na mara chache, nyingi zikiwa za usiku, inakuja ile inayoanza na "Bosi, nimegonga mtu."

Mimi si mwanasheria, nilisoma biashara na sikufika mbali. Ila nimekaa kwenye mabenchi ya polisi na mahakama katika nchi tatu nikisubiri madereva wangu, na kilichonifundisha ni makosa, mengine ya kwangu mwenyewe. Nayaandika kwa ajili ya dereva, mfanyabiashara, au yeyote mwenye ndugu anayevuka mipaka.

Nianze na kosa la hapa nyumbani.

Dereva wetu mmoja, mtu wa makamo, mpole kupita kiasi, alipata ajali kwenye mteremko kule nyanda za juu. Mwendesha pikipiki akafariki. Kesi ikapelekwa mahakama ya wilaya. Nilifika asubuhi nikiwa na bahasha ya karatasi za gereji zinazoonyesha kwamba breki za trela ziliguswa siku chache kabla. Nikamwambia, "Tulia, wakili anakuja saa tano." Kesi ikaitwa saa tatu na nusu. Shtaka likasomwa: kuendesha kwa uzembe na kusababisha kifo. Hakimu akauliza, ni kweli au si kweli?

"Ni kweli, mheshimiwa."

Aliniambia baadaye kwamba aliona aibu kumkatalia hakimu mbele ya mama wa marehemu. Yule mama alikuwa amekaa benchi la mbele, kajifunga kanga kiunoni. Kwa akili ya dereva, "ni kweli" ilikuwa na maana ya "ni kweli kijana amefariki, na inaniuma." Kwa mahakama ilikuwa na maana moja tu: amekiri kosa. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio, dereva akaulizwa kama ni sahihi, akasema yote sahihi. Nusu saa haikuisha akawa ametiwa hatiani. Breki zilikuja kutajwa alipoulizwa kama ana lolote kabla ya adhabu, na bahasha yangu bado iko mapajani. Ilikuwa faini, tukalipa, leseni ikasimamishwa. Wakili alipofika saa tano alishika kichwa. Akanieleza kwamba aliyekiri mwenyewe anaweza kukata rufaa juu ya ukubwa wa adhabu, lakini kuirudia hatia yenyewe ni kazi nzito, labda uonyeshe kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata. Angesema tu "ni kweli, lakini breki zilikata," hiyo "lakini" ingetosha kumfanya hakimu aandike kwamba amekana.

Nilitoka pale nimeapa: hakuna dereva wangu atakayesema "ni kweli" popote kabla hajaongea na wakili. Nikadhani nimeshajua sheria.

Mwaka uliofuata, Congo ikanifundisha upya.

Barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi, lori linaenda kupakia kopa, yaani shaba. Mtoto akakatiza. Dereva wa safari hii alikuwa kijana mjanja, na somo alikuwa nalo kichwani. Akakataa kila kitu alichoona kinafanana na kukiri. Kule, hata hivyo, swali la ni kweli au si kweli halikuwa na uzito ule. Askari mpelelezi alimhoji kwa Kiswahili, maana Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Congo na pale Katanga ndicho cha sokoni na cha nyumbani. Akamuuliza kama alimwona mtoto. Kijana akajibu, "Nilimwona." Alichokusudia ni kwamba alimwona akiwa ameshafika chini ya bampa. Askari anauliza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kifaransa. Kwenye karatasi ikaingia kwamba dereva alimwona mtoto. Mwisho wa sentensi. Kijana akapewa kalamu, akasaini kila ukurasa, akashukuru kwa kuhojiwa bila kupigwa.

Karatasi ile wenyewe wanaiita PV, kwa matamshi ya Kifaransa, "peve". Ishike akilini PV, maana kule ndiyo kesi.

Nilipofika nilikuwa na mpango wa Kitanzania. Nilijua siku ya kesi yule askari ataitwa kizimbani, wakili wetu atambana kwa maswali ya dodoso, ataulizwa alitumia neno gani la Kifaransa na kwa nini, na mambo yatanyooka. Siku ikafika. Askari hakuwepo, na hakuna aliyeshangaa. Jaji alikuwa na jalada mbele yake, dosie kama wanavyoliita, kanda za kijani zimelegea. Analifungua, anasoma, anamuuliza dereva yeye mwenyewe. Dereva akaanza kueleza habari ya "nilimwona". Jaji akageuza ukurasa, akauinua.

"Saini hii ni yako?"

Ilikuwa yake. Si kwamba PV haipingiki, inapingika. Ila unaipinga ukiwa umechelewa, na unapingana na mkono wako mwenyewe.

Usiku ule, gesti Lubumbashi, wakili wetu wa kule alinichorea tofauti kwenye leso ya karatasi. Nchi zilizopita mikononi mwa Waingereza zina kesi ya mdomo: pande mbili zinapambana, hakimu ni refa, na neno halina nguvu mpaka lisemwe mbele yake na aliyesema aulizwe maswali. Asili yake ni Uingereza na baraza lake la wananchi wa kawaida waliokaa kusikiliza, watu ambao huwezi kuwapa jalada wakalisome nyumbani. Sisi baraza lile hatukulipata, tulipata wazee wa baraza, lakini tabia ya kusikiliza mdomo tulirithi, tena kwa kupitia India. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika Tanganyika mpaka tulipotunga yetu mwaka 1967. Wabelgiji wao walichukua njia ya Wafaransa, ya kanuni za Napoleon za mwaka 1808: ofisa wa serikali anatumwa kuutafuta ukweli, anaukusanya kwenye maandishi, na jaji anapokea ukweli ukiwa umeshashonwa. Utaratibu wa kesi za jinai wa Congo ni amri ya tarehe 6 Agosti 1959, uhuru ukiwa umebakiza chini ya mwaka, na ndiyo umewalea tangu hapo.

Ukitazama ramani inachekesha kidogo. Kigoma na Bujumbura zinavua dagaa wa ziwa moja, na zilikuwa koloni moja la Mjerumani mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya hapo huyu akaenda kwa Mwingereza, yule kwa Mbelgiji. Leo ukikamatwa upande mmoja wa ziwa unapigania mdomo, upande wa pili unapigania karatasi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unategemea uko wapi. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia: vita vikubwa viko mahakamani. Toa jina, toa leseni, halafu sema utaeleza mbele ya wakili. Hata maelezo ya onyo ya polisi, ukidai hukuyatoa kwa hiari, hakimu atasimamisha kesi na kufanya kesi ndani ya kesi kuchunguza hilo peke yake. Congo na Burundi: vita viko siku ya kwanza, mezani kwa mpelelezi. Hapo usiwe bubu tu. Hakikisha upande wako unaingia kwenye PV. Taka usomewe kwa lugha unayoielewa, neno kwa neno. Kama "nilimwona" imeandikwa bila "chini ya bampa", kataa kusaini mpaka iongezwe. Katiba ya Congo inasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa. Itaje kwa upole, na usiitaje kwa sauti ya mtu aliyekunywa.

Pia jua unaongea na nani. Ufaransa wana hakimu maalumu wa upelelezi. Congo kazi hiyo inafanywa na ofisi ya mwendesha mashtaka yenyewe, parke, na ofisa wake anaitwa majistra. Dereva wetu alimpigia magoti akidhani ndiye jaji wa kumhukumu, akamwaga yote. Alikuwa anamwagia anayemshtaki.

Halafu kuna saa. Kwetu tunahesabu saa 24 za kufikishwa mahakamani, kisha tunaanza kukimbizana na wadhamini, barua ya serikali ya mtaa na vitambulisho. Wakili tunamtafuta kesi ikianza kusikilizwa, na mara nyingi haileti madhara makubwa kwa sababu upelelezi "bado unaendelea". Congo polisi wana saa 48. Parke wakiamua kukushikilia wana hati ya muda ya siku 5, kisha wanakupeleka mbele ya jaji faraghani, ambaye anaweza kuruhusu siku 15, na baada ya hapo mwezi mmoja mmoja. Hela ya wakili uliyopanga kutumia mwezi wa tatu, itumie siku ya pili. Mimi niliituma siku ya tisa, nikisubiri idhini ya mkurugenzi aliyekuwa safarini. Kijana akakaa ndani miezi minne.

Jambo lililomchanganya zaidi dereva si jela. Ni kumwona baba wa mtoto mahakamani akiwa na wakili wake, upande wa mashtaka, anadai fidia kwenye kesi ileile ya jinai, na kampuni yetu imeunganishwa kama mlipaji. Kwetu kesi ni Jamhuri dhidi yako. Wafiwa wanatoa ushahidi wanarudi nyumbani, na fidia wanaifuata kwenye bima au kwenye kesi nyingine ya madai, wakijaliwa kuijua njia. Ni moja ya mambo ambayo, kwa maoni yangu, wenzetu wametupita. Yule mama wa kanga sijui kama alipata hata senti. Baba wa Likasi alilipwa na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile ya magari yanayovuka mipaka, kwa hukumu iliyotoka siku hiyohiyo dereva alipopewa kifungo cha nje. Kwa hiyo kabla lori halijatoka yadi, kadi ya njano iwe hai. Usikubali kuambiwa "nitaihuisha mpakani".

Na kule "ni kweli" inafanya kazi gani? Inasaidia kupunguza adhabu, lakini haifungi mjadala, jaji lazima apitie jalada ajiridhishe. Ndiyo maana huwa nafikiria Arusha mwaka 1998, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alikiri makosa yote sita tarehe 1 Mei. Kwa vile mahakama ile kwenye jambo hilo ilifuata desturi ya Kiingereza, hapakuwa na kesi ya kusikilizwa. Septemba alipewa kifungo cha maisha. Mnyarwanda aliyezoea utaratibu wa Kibelgiji, ambako jaji angepitia ushahidi hata baada ya kukiri, hakusikia shahidi hata mmoja. Alikata rufaa, ikagonga mwamba mwaka 2000.

Kuna mila ya tatu, niliyoigusa kwa mbali kupitia shemeji yangu aliye Muscat, Oman. Aligonga mtembea kwa miguu, na simu ya kwanza aliyoniambia nimsaidie kuifikiria ilikuwa ya warithi wa marehemu. Kule kuna diya, yaani fidia ya damu, haki ya warithi, na kwa ajali bima ya gari inailipa. Warithi wanaweza kusamehe. Walimsamehe, tukafurahi, tukachinja. Wiki mbili baadaye akaitwa na waendesha mashtaka: msamaha ule ulikuwa wa haki ya familia, haki ya umma ilikuwa bado, akatozwa faini. Watu wetu wa Pwani na Unguja huwa wanadhani wanaijua sheria hiyo kwa sababu tuna makadhi. Kadhi wetu anaamua ndoa, talaka na mirathi. Mwizi na dereva wa Zanzibar wanashtakiwa kwa sheria za jinai zenye mizizi ileile ya Kiingereza kama Bara. Kwa hiyo ukienda nyumbani kwa wafiwa Muscat na ubani, unafanya jambo la kisheria. Ukienda Mbeya, unafanya jambo la utu tu, na tafadhali lifanye, ila enda na mzee wa heshima ambaye hatazungumzia ajali.

Siku hizi kila lori letu lina karatasi nyuma ya kioo cha jua. Namba ya wakili wa Lubumbashi na wa Ndola. Namba ya ubalozi. Tarehe ya mwisho ya kadi ya njano. Na maneno mawili makubwa: Tunduma mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, "NITAELEZA KWA WAKILI", ukivuka Kasumbalesa, "NISOMEE KWANZA". Mstari wa mwisho waliuongeza madereva wenyewe kwa kalamu ya bluu: blanketi, ndala, sabuni, na hela ya chakula, maana kule ndani hupikiwi.