Mkuu, diski tatu za nini? Na usithubutu kupanda nazo ndege

Usilipie kwanza. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye basi, nikapitiliza kituo.

Umeandika kwamba uko Marekani, intaneti ya unakokaa inakwamakwama, hivyo unataka kujiunga na kampuni inayokodisha filamu kwa posta, mpango wa diski (DVD) tatu kwa mpigo, "halafu Desemba nashuka Bongo, nitazibeba nikaangalie na wazee." Na kuna mchangiaji hapo juu kakuitikia: "Chukua tu, hawana faini ya kuchelewa, hata ukae nazo mwaka." Wewe mchangiaji, nikikujua nakuletea risiti zangu uzilipe. Maneno hayo hayo nilimeza mwaka 2014 na yakanitoa dola 104.

Aliyenilisha ni jamaa niliyepanga naye chumba Columbus, Ohio. Alikuwa na miaka sita nchini na alijua kila kitu isipokuwa tarehe ya kulipa kodi ya chumba. Akaniambia diski moja ni ya wanafunzi, mwanamume anachukua tatu. Nami nikajiona mwanamume. Kampuni siitaji, ila haikuwa Netflix.

Hakuna faini, ni kweli. Ila fikiria ile huduma inavyokwenda. Unapanga orodha yako kwenye tovuti, wanakutumia za juu zilizopo stoo, kila moja na bahasha yake ya kurudishia iliyokwisha kulipiwa. Ukirudisha moja, inayofuata ndiyo inatoka. Ukizikalia zote, orodha imesimama. Kadi yako ya benki haisimami. Inakatwa mwezi hadi mwezi, uangalie usiangalie. Sasa hiyo faini ya kuchelewa unayoambiwa haipo, unadhani unalipa nini?

Mimi nilikuwa nakatwa dola 18 kwa mwezi. Kwa posta ya huku, diski ikienda na kurudi inakula kama wiki nzima, kwa hiyo mtu mwenye bidii angezungusha diski 12 kwa mwezi na kila moja ingemtoka kama dola moja na nusu. Mimi na zamu zangu za usiku nilikuwa naangalia mbili. Dola tisa filamu moja! Wakati kwenye makapu ya supamaketi zilikuwa zinauzwa dola tano, mpya, na unabaki nayo.

Lakini hayo ni mateso madogo. Msiba wenyewe ni safari.

Katikati ya Novemba nikafunga sanduku kwenda Morogoro kwa mama mdogo, wiki tisa, diski zote tatu ndani zimefungwa kwenye soksi. Nilijiona mjanja kweli. Jioni ya kwanza watoto wamejaa sebuleni, bisi zimekaangwa, mama mdogo kaondoa kitambaa cha kufuma juu ya deki yake (deki ya heshima, ya kununuliwa dukani na kadi ya udhamini bado anaitunza), naingiza diski. Deki ikaitema. Nikairudisha, ikaitema tena na ujumbe kwamba diski si ya eneo hili.

Hapo ndipo nilipojifunza, mbele ya watoto kumi na mmoja, kwamba DVD zimegawiwa dunia kama wakoloni walivyotugawa. Za Marekani na Kanada ni kanda ya 1, sisi Tanzania tuko kanda ya 5. Diski za Blu-ray nazo zina kugawana kwao, Marekani A, sisi B. Deki iliyofungwa kanda moja haisomi ya mwenzake, uipigepige mgongoni utakavyo.

Kumbe deki ya jirani, ya Kichina, ya bei ya kutupa, ilizisoma zote bila kuuliza paspoti. Ungedhani hiyo ni bahati. Ndiyo iliyonimaliza. Diski zikahamia kwa jirani, kutoka kwa jirani zikaenda kwa shemeji yake, na siku ya kuondoka nikapata moja tu, tena imekwaruzika kama imetumika kukwangulia nazi. "Nyingine zitakuja," nikaambiwa. Nikapanda basi.

Narudi Ohio mwishoni mwa Januari, kadi imeshakatwa mara tatu nikiwa sipo: dola 54. Natoa taarifa kwamba mbili zimepotea, wanakata dola 25 kwa kila moja. Nikapiga simu kulalamika. Dada wa upande wa pili, sauti ya asali, akanisomea masharti niliyoyakubali bila kuyasoma. Nikamuuliza, si mlisema hamna faini? Akasema, "Hatuna, kaka. Hii ni bei ya diski."

Baadaye mama mdogo akaipata moja. Mungu ambariki, akaenda nayo posta ya Morogoro na ile ile bahasha yenye malipo ya Marekani. Karani akaigeuza, akaigeuza tena, akamuuliza nani kailipia. Bei ya kuituma kwa kawaida ingenunua nyingine mbili. Ikarudi nyumbani. Mara ya mwisho kuiona, kwenye picha ya WhatsApp, ilikuwa inaning'inia kwenye bustani ya mchicha ikifukuza ndege. Inafanya kazi vizuri kuliko ilivyowahi kufanya kwangu.

Kwa hiyo, mkuu: DISKI MOJA. Ukimaliza kuiangalia usiku, asubuhi iko kwenye sanduku la posta. Isilale kwako usiku wa pili. Tiketi ya ndege ikishakatwa, rudisha ulichonacho, usubiri waandike wamepokea, ndipo usitishe akaunti. Kwangu walikataa kusitisha nikiwa bado na mali yao, na wewe soma kwanza wanasemaje. Kubeba diski kwenda nyumbani ndiyo usahau kabisa. Wapelekee wazee viatu.

Watu pekee ninaowajua waliofaidika kwa kukalia diski ni wateja wa Netflix. Walianza kutuma mwaka 1998, na walipoifunga huduma hiyo ya bahasha nyekundu tarehe 29 Septemba 2023, wakawaachia watu diski za mwisho zilizokuwa mikononi mwao. Miaka 25 ya subira! Wewe huna muda huo.

Uliuliza pia kampuni ipi ina filamu nyingi za Kiafrika, na kuna kitu kingine kuhusu mabadiliko ya anwani. Nilikuwa nimekusudia kujibu, ila hili la bahasha ni muhimu zaidi. Usiweke diski mbili kwenye bahasha moja eti unaokoa karatasi, maana wao wanaipokea moja, na ya pili inakuwa neno lako dhidi ya lao. Na kabla ya kuifunga, piga picha, namba ya diski ionekane. Simu yangu ina picha nyingi za diski kuliko za mke wangu, na yeye anajua.

Ndiyo, bado niko kwenye hii huduma, msinicheke. Diski moja. Ya jana iko hapa mezani, picha nimeshapiga, na mtu wa posta hupita saa tano. Ngoja niiwahishe.